Lugha Hazigombanii Nafasi Kichwani

Hapa Kamina, kama katika miji mingi ya Kongo, mtoto akikaribia umri wa shule mjadala huanza nyumbani. Mmoja anasema Kiluba sasa kiachwe, kitamchanganya mtoto. Mwingine anaongeza kwamba hata Kiswahili cha sokoni kitamharibia Kifaransa. Mwisho nyumba nzima inaamua kuongea Kifaransa, hata pale ambapo baba na mama wenyewe wanakitafuta Kifaransa hicho kwa taabu. Chini ya uamuzi huo kuna wazo moja ambalo halisemwi waziwazi: kwamba kichwa cha mtoto kina nafasi ndogo, na kila lugha inayoingia inaibana nyingine. Leo nataka kulipima wazo hilo kwa kuangalia jinsi gamba la ubongo linavyosikia na kutoa lugha. Msimamo wangu nautaja mapema: wazo hilo si kweli, na linawanyima watoto wetu kitu ambacho ubongo wao unakihitaji kuliko kingine chochote, yaani mazungumzo mengi yenye maana.

Tuanze na mji wenyewe. Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami tangu jimbo hili lilipotengwa na Katanga mwaka 2015, uko mahali reli inapogawanyika. Njia inayotoka Lubumbashi inafika hapa, kisha mkono mmoja unaelekea Kananga na Ilebo, mwingine unaelekea Kabalo, na kutoka huko Kindu au Kalemie. Basi lugha nazo zimefuata njia hizo. Kiluba ni lugha ya wenyeji. Kiswahili kilienea na migodi, reli na biashara. Tshiluba kinashuka na abiria wa Kasai. Lingala ni lugha ya jeshi, na kambi kubwa ya jeshi iko hapa tangu zama za Wabelgiji. Kifaransa kinakaa ofisini na darasani. Mtoto wa Kamina anayesikia lugha tatu kabla jua halijatua si ajabu ya kuandikwa magazetini. Ni mtoto wa kawaida. Kwa hiyo swali la ubongo wenye lugha nyingi si la wataalamu wa mbali peke yao. Linatuhusu sisi kabla ya wengine.

Gamba la ubongo ni tabaka la nje, lenye mikunjo mingi, ambalo unene wake ni kati ya milimita 2 na 4 tu. Ndani ya tabaka hilo jembamba mna seli za neva zipatazo bilioni 16. Sauti ikiingia sikioni hugeuzwa kuwa ishara za neva, hupanda kupitia shina la ubongo, hadi kwenye gamba la upande wa kichwa, karibu na sikio. Hapo sauti inachambuliwa: hii ni p au b, hii imepanda au imeshuka. Baada ya hapo kazi inagawanyika, kama walivyoeleza Gregory Hickok na David Poeppel mwaka 2007. Njia moja inakwenda kutafuta maana, nyingine inapanda nyuma na kuelekea mbele, kwenye sehemu zinazoongoza kinywa, ili uweze kurudia ulichosikia. Yote hayo hufanyika upesi mno. Mwaka 1980, huko California, Marta Kutas na Steven Hillyard walipima umeme wa ubongo wa watu wanaosoma sentensi zilizoishia na neno lisilofaa. Tuseme kwa mfano wetu: mama amepika bukari na viatu. Zilipopita kama milisekunde 400 tangu neno hilo lionekane, yaani chini ya nusu sekunde, wimbi la pekee lilitokea, kana kwamba ubongo unashtuka. Maana yake ni kwamba ubongo hausubiri sentensi iishe ndipo uelewe. Unakisia linalokuja, na unaweza kukisia kwa sababu umekwisha kusikia sentensi nyingi za lugha hiyo.

Kusema nako kuna hatua zake. Mtu anachagua jambo la kusema, anatafuta maneno, anayapanga kwa kanuni za lugha yake, anaandaa sauti, kisha gamba linaloongoza misuli linaamuru ulimi, midomo na koo. Kuiona picha ya mbuzi na kuanza kulitamka jina lake huchukua takriban milisekunde 600. Ujuzi wetu wa sehemu zinazofanya kazi hiyo ulianzia kwa wagonjwa. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mtu aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, tan, ingawa alielewa alichoambiwa. Alipofariki, Broca aliukagua ubongo wake na kukuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika. Muda si mrefu akamkagua mgonjwa wa pili, mzee Lelong, aliyekuwa amebakiwa na maneno matano tu, na akakuta uharibifu mahali hapohapo. Mwaka 1874 Carl Wernicke wa Ujerumani akaeleza hali iliyo kinyume: wagonjwa wanaosema kwa mtiririko lakini maneno yao hayana mpango, na wasioelewa wanachoambiwa, kwa sababu ya jeraha la nyuma zaidi, kwenye gamba la upande wa kichwa. Tangu hapo vitabu vingi vikafundisha kwamba lugha ina sehemu mbili, moja ya kusema na moja ya kuelewa.

Picha hiyo ya sehemu mbili ndiyo inayolisha wazo la nafasi ndogo. Kama lugha inakaa kwenye kipande kidogo cha ubongo, basi kipande hicho kitajaa. Lakini ubongo wa Leborgne na wa Lelong ulihifadhiwa, na mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake waliupiga picha kwa mashine ya sumaku. Walikuta kwamba jeraha halikuishia juu juu kwenye gamba. Lilikuwa limezama ndani na kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na ya nyuma. Kumbe maradhi ya Leborgne hayakutokana na kipande kimoja kuharibika, bali na mtandao mzima kukatika. Leo wachunguzi wengi wanaafikiana juu ya hilo: lugha ni kazi ya mtandao wa sehemu za mbele na za pembeni zinazofanya kazi pamoja, na kwa watu wengi mtandao huo uko zaidi kushoto. Mtandao hauongezewi ukubwa kwa kila lugha mpya. Kinachoongezeka ni miunganisho kati ya seli zilezile.

Je, lugha mbili au nne zinakaaje katika mtandao mmoja? Kama kila lugha ingekuwa na chumba chake, kiharusi kingefuta moja na kuiacha nyingine nzima. Michel Paradis wa Montreal alikusanya kesi za wagonjwa wenye lugha zaidi ya moja, na hali iliyoonekana mara nyingi zaidi ni kwamba lugha hudhoofika pamoja na hurudi pamoja. Mpinzani atasema: lakini wako ambao lugha moja ilirudi na nyingine ikabaki kimya. Ni kweli wako. Albert Pitres wa Bordeaux aliwaeleza tangu mwaka 1895, na akasema lugha iliyozoewa zaidi ndiyo mara nyingi hutangulia kurudi. Hata hivyo Pitres hakuamini kwamba lugha iliyonyamaza imekufa. Alidhani imezuiwa isiamke. Ushahidi wenye nguvu ulitoka barani kwetu, katika kesi iliyochapishwa mwaka 1982. Mtawa mmoja huko Rabat, Morocco, alijeruhiwa kichwa katika ajali. Kuna siku aliweza kusema Kiarabu na Kifaransa kikamshinda; siku nyingine mambo yakageuka, Kifaransa kikaja na Kiarabu kikapotea. La kushangaza zaidi, katika siku hizo aliweza kutafsiri kwenda lugha ileile ambayo hakuweza kuizungumza kwa hiari yake. Kitu kilichofutwa hakirudi kesho asubuhi. Lugha zake zote mbili zilikuwamo. Kilichoharibika ni uwezo wa kuziita.

Picha za ubongo zimethibitisha sehemu kubwa ya hayo, na zimeongeza jambo la kuzingatia. Utafiti wa mwaka 1997 uliokuwa chini ya Karl Kim huko New York ulionyesha kwamba waliojifunza lugha mbili tangu utotoni walitumia eneo lilelile la Broca kwa zote mbili, ilhali waliojifunza ya pili ukubwani walitumia maeneo mawili yaliyo jirani. Mwaka uliofuata kundi la Daniela Perani huko Milano lilionyesha kwamba umahiri nao una uzito wake: kadiri mtu anavyoimudu lugha ya pili, ndivyo picha yake inavyofanana na ya lugha ya kwanza. Na mwaka 2024 wachunguzi wa Evelina Fedorenko, Marekani, waliwapima watu 34 wanaojua lugha tano au zaidi. Kadiri walivyoijua lugha, ndivyo mtandao ulivyochangamka kuisikiliza, isipokuwa moja: lugha ya mama iliushughulisha mtandao kidogo kuliko lugha nyingine walizozimudu vizuri. Mzazi anayeogopa kwamba Kiluba kinakula nguvu za mtoto alisikilize hilo. Lugha ya kwanza ndiyo isiyousumbua ubongo.

Labda mtu atauliza: tafiti hizo ni za Wazungu na lugha zao, zinatuhusu nini sisi? Ni swali la haki, na utafiti wa Kiafrika katika jambo hili bado ni mchache kuliko inavyostahili. Lakini mwaka 2022 kundi hilohilo la Fedorenko lilipima wasemaji wa lugha 45 kutoka familia 12 za lugha, Kiswahili kikiwemo, na mtandao uliojitokeza ulikuwa uleule, mahali palepale, upande uleule wa kushoto. Msemaji wa Kiswahili hana ubongo wa namna nyingine. Kinachotofautiana ni kile ambacho lugha inaufundisha ubongo kukitegea sikio. Kiluba ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Kiswahili hakitumii toni kwa namna hiyo, wala Kifaransa. Tangu mwaka 1973 Diana Van Lancker na Victoria Fromkin walionyesha kwamba Wathai, ambao lugha yao nayo ni ya toni, huzichambua toni za maneno kwa nusu ya kushoto ya ubongo, ile ya lugha, jambo ambalo halikuonekana kwa wasemaji wa Kiingereza wasiojua Kithai. Mtoto wa Kamina anayekua na Kiluba na Kiswahili pamoja anaupa ubongo wake mafunzo ambayo mtoto wa lugha moja hayapati.

Tuje sasa kwenye hoja inayorudiwa mno nyumbani: watoto wanachanganya lugha, na kuchanganya ni dalili ya kuchanganyikiwa. Msikilize mtoto wa hapa anaposema: mama, makaye yangu iko wapi? Kaye ni daftari kwa Kifaransa. Lakini tazama alichokifanya. Amelipa neno hilo wingi kwa kiambishi cha kwetu, ma-. Akaweka yangu baada ya jina, kama Kiswahili na Kiluba vinavyotaka, ingawa Kifaransa huweka kimilikishi mbele. Mtoto aliyechanganyikiwa angekosea mpangilio huo. Huyu ameazima jina moja na kulitia ndani ya kanuni anazozijua barabara. Isitoshe, mtoto huyohuyo akimgeukia bibi yake anasema Kiluba, na mbele ya mwalimu anajitahidi kwa Kifaransa.

Kuchagua huko kuna kazi yake ubongoni. Lugha zote za mtu huwa macho kwa wakati mmoja, hata anapotumia moja. Sehemu za mbele za gamba, zikisaidiana na viini vilivyo chini yake, huipa njia lugha inayohitajika na kuzizuia nyingine, kama stesheni yetu ambapo treni za pande zote hupita salama kwa sababu yuko anayegeuza njia. David Green na Jubin Abutalebi wameueleza mfumo huo kwa kina, na ndio hasa ulioharibika kwa yule mtawa wa Rabat. Kwa mtoto, sehemu za mbele za gamba ndizo za mwisho kukomaa. Zinaendelea kujengeka hadi baada ya ubalehe. Mtoto wa miaka minne anayeteleza kutoka lugha moja hadi nyingine hana ugonjwa. Mfumo wake wa kuongoza bado unajifunza kazi, na hauwezi kujifunza ikiwa umenyimwa lugha za kuongoza.

Tena ubongo huzitenganisha lugha mapema sana. Mwaka 2010 Krista Byers-Heinlein, Tracey Burns na Janet Werker walichapisha utafiti kutoka Vancouver uliofanywa kwa watoto waliotoka tu kuzaliwa, ambao mama zao walizungumza Kiingereza na Kitagalogi wakati wa mimba. Watoto hao walipendelea lugha zote mbili, na bado waliweza kuzitofautisha. Huko Canada pia, Laura-Ann Petitto na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto wa lugha mbili hufikia neno la kwanza na maneno 50 ya kwanza kwa wakati uleule kama watoto wengine. Basi usemi kwamba lugha nyingi humchelewesha mtoto kusema hauna nguzo.

Hofu hiyo ilitoka wapi, ikiwa ushahidi ndio huo? Sehemu yake ilitoka kwa wasomi wenyewe. Mwaka 1923 D. J. Saer wa Wales alitangaza kwamba watoto wa vijijini wenye lugha mbili walipata alama za chini katika vipimo vya akili. Ilichukua miaka karibu 40 hadi Elizabeth Peal na Wallace Lambert, huko Montreal mwaka 1962, walipolinganisha watoto wa hali moja ya maisha, na wale wa lugha mbili wakafanya vizuri zaidi. Hata hivyo nisiwauzie ndoto. Madai kwamba lugha nyingi humfanya mtu kuwa mwerevu katika kila jambo yamepingwa vikali, na vipimo vingi vya miaka ya karibuni havikuikuta faida hiyo kubwa. Pia Ellen Bialystok alipima watoto 1,738 na kukuta kwamba wenye lugha mbili walijua maneno machache kidogo katika lugha waliyopimwa. Lakini pengo lilikuwa hasa kwenye maneno ya nyumbani, ambayo mtoto aliyajua kwa lugha yake nyingine. Kwenye maneno ya shule pengo lilikuwa dogo. Na mtoto mwenye maneno yake katika lugha mbili huhesabiwa haki pale tu anapopimwa katika zote mbili.

Linabaki neno zito kuliko yote, neno la mzazi anayesema: yote nimekubali, lakini Kifaransa ndicho mkate wa mtoto wangu. Nami sisemi Kifaransa kiachwe. Nasema njia ya kukifikia inapita kwenye lugha anayoielewa. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walilinganisha watu wanaojua kusoma na wasiojua, huko Brazili na Ureno. Walikuta kwamba kusoma hulibadilisha eneo la gamba la kuona upande wa kushoto, na kuliunganisha na mtandao wa lugha ya kusemwa. Herufi hupanda juu ya lugha iliyokwisha kuwamo. Mtoto akifundishwa kusoma kwa lugha asiyoielewa, herufi zinafika kwenye sauti lakini haziikuti maana, naye anaimba ubao bila kusoma. Huko Ife, Nigeria, tangu mwaka 1970 Babs Fafunwa aliongoza mradi uliofundisha masomo ya msingi kwa Kiyoruba kwa miaka 6, Kiingereza kikiwa somo. Wanafunzi hao hawakubaki nyuma katika Kiingereza, na katika masomo mengine walifaulu kuliko wenzao. Hapa kwetu, Katiba ya mwaka 2006 inazitaja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kiluba cha Katanga hakimo, lakini sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na hata lugha za mazingira kutumika katika shule ya msingi. Sheria tunayo, na ushahidi tunao. Wanaokosekana ni walimu walioandaliwa, vitabu, na wazazi wasioionea haya lugha yao.

Kwa hiyo, wasikilizaji, hukumu yangu ni hii. Kinachomfukarisha mtoto si wingi wa lugha, bali uchache wa maneno anayoambiwa. Mzazi anayeacha Kiluba anachokimudu na kushika Kifaransa cha amri tatu, njoo, kaa, nyamaza, anamnyima mtoto hadithi, maswali, sababu na mabishano, na hivyo ndivyo vinavyolijenga gamba la ubongo. Baba, mama, ongeeni na mtoto kwa lugha ambayo hamkosi maneno. Mwacheni bibi aongee Kiluba chake chote, soko lifundishe Kiswahili, na shule ifundishe Kifaransa kwa bidii. Nanyi walimu, msimpige mtoto kwa sababu ya lugha ya kwao. Mwisho, ndugu wa mgonjwa: mtu akipotewa na usemi ghafla, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, hicho huenda ni kiharusi, si uchawi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, na daktari amjaribu kwa lugha zake zote kabla ya kusema hana lugha.